Mwongozo kamili: jinsi ya kusoma picha za mishipa ya shingo na kujua hatari ya kiharusi

Watu wengi wakitoka kupimwa mishipa ya shingo wanashika kitu kimoja tu kwenye majibu, ile asilimia. Mtu anakuja na karatasi yake, kidole kakibandika kwenye namba, "wameandika 60, ina maana nitapata kiharusi?", na mimi ambaye kazi yangu ni kupiga hizo picha siwezi kumjibu kwa hiyo namba peke yake. Simkwepi. Ni kwamba 60 ya mtu ambaye juzi mkono ulimfa ganzi dakika kumi, na 60 ya mtu ambaye hajawahi kusikia chochote, ni hatari mbili tofauti kabisa hata kama picha zao ukizilaza pembeni kwa pembeni zinafanana. Kwahiyo nimeandika hapa mpangilio mzima ninaoufuata mwenyewe, kuanzia kabla ya kipimo mpaka baada ya majibu, usome taratibu na karatasi yako mkononi kama unayo. Na kama sasa hivi una dalili, mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki vizuri, acha kusoma nenda hospitali sasa hivi, mengine utasoma baadae.

Hatua ya 1: ujue mshipa gani unaongelewa

Damu inapanda kwenye ubongo kwa njia nne, mbili za mbele na mbili za nyuma. Za mbele ndo karotidi, kulia na kushoto, ukiweka vidole pembeni ya koo unaisikia inadunda (usiminye pande zote mbili kwa pamoja, na mtu mzima usimsugue shingo kabisa). Za nyuma zinapita ndani ya pingili za shingo, hizo zinaitwa vetebra. Karotidi ikifika karibu na usawa wa juu wa koo inagawanyika, panatokea njia panda, tawi la nje linaenda usoni na kwenye ngozi ya kichwa, tawi la ndani linaingia kwenye fuvu kulisha jicho na ubongo. Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, hauna akiba, ukikatiwa damu dakika chache seli zinaanza kufa.

Hapo kwenye njia panda damu haiendi moja kwa moja, inajizungusha kidogo ukutani, na ndo hapo utando wa mafuta unapenda kujenga. Kitaalamu tunauita plaki. Sasa kuna kitu wengi hawaambiwi na ndo kinachofanya kila kitu huku chini kieleweke, mara nyingi kiharusi cha karotidi hakitokei kwasababu mshipa umeziba wote. Kinatokea kwasababu plaki imepasuka juu, damu ikaganda pale kwenye mpasuko, kipande kikachomoka kikapanda juu na kuziba mshipa mdogo ndani ya ubongo. Ndo maana ukiuliza tu mshipa umebana kiasi gani umeuliza nusu ya swali, nusu nyingine ni hiyo plaki imetulia au inataka kupasuka.

Hatua ya 2: dalili kwanza, picha baadae

Kabla sijagusa mashine nauliza maswali. Kuna siku uso au mkono au mguu wa upande mmoja ulilegea au kufa ganzi? Uliwahi kushindwa kuongea au maneno yakatoka ovyo hata kwa dakika tano? Jicho moja liliwahi kuingia giza, kama mtu kashusha pazia, alafu likarudi? Hilo la jicho watu wanalipuuza sana, wanasema ni uchovu, wakati mshipa wa jicho ni tawi la karotidi ya ndani kwahiyo kipande kidogo kikitoka shingoni jicho linaweza kuwa la kwanza kukipokea.

Hizo dalili zikija na kuondoka zenyewe ndo kile wengine wanakiita kiharusi cha kupita. Jina linafanya ionekane ndogo, sio ndogo. Hatari ya kiharusi kikubwa iko juu zaidi siku mbili za mwanzo na inaendelea kuwa juu kwa wiki mbili hivi. Mtu wa namna hiyo hapewi miadi ya mwezi ujao, anatakiwa hospitali siku hiyohiyo, apigwe picha ya ubongo na ya shingo, apimwe na moyo.

Alafu kuna suala la upande, naomba ulielewe vizuri maana nimeshaona majibu yamechapwa kulia badala ya kushoto na mgonjwa ndo alikuwa wa kwanza kushtuka. Ubongo wa kulia unaongoza mwili wa kushoto. Mkono wa kushoto ukilegea, karotidi inayoshukiwa ni ya kulia. Ila jicho halivuki, jicho la kulia likiingia giza tunaangalia karotidi ya kulia hiyohiyo. Kushindwa kuongea mara nyingi kunaelekeza kushoto kwasababu kwa watu wengi kituo cha lugha kiko huko. Sasa kama mkono uliolegea ni wa kushoto na picha inaonesha karotidi ya kushoto ndo imebana, basi hiyo iliyobana haijasababisha, tafuta kwingine, na kwa hesabu za hatari mshipa huo unahesabika hauna dalili.

Kwa kawaida tukisema mshipa "una dalili" tunamaanisha dalili za upande unaoendana nao, ndani ya miezi 6 iliyopita. Kizunguzungu peke yake, kuzimia peke yake, kichwa kuuma peke yake, hivyo mara nyingi sio vya karotidi, hata kama picha imekuta plaki. Plaki watu wazima wengi wanazo.

Hatua ya 3: nani apimwe na nani asihangaike

Aliyepata kiharusi au dalili za kupita, apimwe, hilo halina mjadala. Ambaye daktari kasikia mlio kwenye shingo akiweka kifaa cha kusikilizia, anaweza kupimwa, ila jua mlio sio kipimo cha kuaminika, kuna wenye mlio na mshipa mzima na kuna mshipa uliobana sana ukawa kimya kwasababu damu inayopita ni ndogo.

Mtu mzima asiye na dalili yoyote anayetaka tu "kujua hali", hapa nitasema ukweli hata kama ni kazi yangu, jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga limekuwa likisema wasipimwe watu wote ovyo, wakalirudia hilo mwaka 2021. Sababu yake ni nzuri, ugonjwa mkali ni wachache wanao, kwahiyo ukipima watu wengi wazima utapata majibu mengi ya kutisha ambayo sio kweli, mtu anaishia kupitishwa mrija kwenye mishipa au kupasuliwa kwa kitu ambacho kisingemdhuru. Ila kama unavuta sigara miaka mingi, una kisukari na presha pamoja, au mishipa ya miguu imeshaziba, ongea na daktari wako, kwako wewe hesabu inaweza kuwa tofauti.

Hatua ya 4: siku yenyewe

Kipimo chenyewe ni ultrasaundi. Hamna kufunga kula, dawa zako unameza kama kawaida. Vaa nguo yenye shingo wazi, vua cheni. Unalala chali, kichwa kinageuzwa upande, unapakwa jeli, kifaa kinapitishwa kuanzia juu ya mtulinga mpaka chini ya taya, pande zote mbili. Haina mionzi, haiumi, inachukua nusu saa hivi. Ukisikia sauti ya fuu fuu usiogope, ni mashine inageuza mwendo wa damu kuwa sauti. Kipimo kikiisha dakika tano kwa pande zote mbili, mi binafsi ningekuwa na wasiwasi.

Hatua ya 5: kusoma spidi

Hapa ndo penye kazi. Ultrasaundi inatoa vitu viwili, picha ya mshipa wenyewe na spidi ya damu ndani yake, hiyo ya spidi inaitwa dopla. Mshipa ukibana damu inakimbia zaidi pale penye wembamba, sawa na mpira wa maji ukiubana mdomo maji yanaruka mbali. Kwahiyo tunapima spidi, alafu kutokana na spidi tunakadiria umebana kiasi gani.

Kwenye karatasi utaona herufi. CCA ni karotidi ya chini kabla haijagawanyika, ICA ni tawi la ndani, ECA ni tawi la nje, VA ni ile ya nyuma. PSV ni spidi ya juu kabisa moyo ukisukuma, EDV ni spidi iliyobaki moyo ukiwa umepumzika. Zote kwa sentimita kwa sekunde. We macho yako yaende kwenye ICA.

Vipimo vinavyotumika sana vilitoka kwenye makubaliano ya wataalamu wa picha wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2003. PSV ya ICA ikiwa chini ya 125 mshipa haujabana au umebana chini ya asilimia 50. Ikiwa 125 mpaka 230 umebana kati ya 50 na 69. Ikizidi 230 umebana 70 au zaidi. EDV ikizidi 100 nayo inasapoti kwamba ni 70 kwenda juu. Alafu kuna uwiano, unachukua PSV ya ICA unagawa kwa PSV ya CCA, chini ya 2 ni vizuri, 2 mpaka 4 ni wastani, zaidi ya 4 ni kali.

Kwanini uwiano? Chukua mtu ICA yake ni 150 na CCA yake ni 100. Ukiangalia 150 peke yake unasema huyu kabana zaidi ya 50, ila 150 gawa kwa 100 ni 1.5, yani damu yake inakimbia kila mahali, pengine ana homa, pengine ana upungufu wa damu, pengine upande wa pili umeziba na huu unabeba mzigo wa wote wawili. Mwingine ICA ni 260 na CCA ni 60, uwiano ni 4.3, huyo vitu viwili vinakubaliana, ni kali kweli. Ndo maana mwaka 2021 shirika linalokagua maabara za mishipa huko Marekani lilipendekeza kwamba ili kusema 50 au zaidi, PSV iwe 180, au iwe 125 lakini uwiano nao uwe umefika 2. Kwahiyo maabara mbili zinaweza kukupa daraja tofauti kwa spidi ileile na hamna aliyedanganya, uliza wametumia vigezo gani.

Hatua ya 6: hiyo asilimia ni asilimia ya nini

Wengi wanadhani asilimia ni moja, zipo tatu. Chukua mshipa ambao pale penye wembamba njia imebaki milimita 1.5. Juu yake kidogo, mshipa wa ndani ukiwa mzima una milimita 5. Njia iliyotumika kwenye utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini, NASCET, inalinganisha na hapo juu palipo pazima, 1.5 kwa 5 ni asilimia 30 imebaki, kwahiyo umebana 70. Njia ya Ulaya ilikuwa inakadiria upana wa pale pale penye plaki kabla plaki haijaota, tuseme ulikuwa milimita 8, basi 1.5 kwa 8 ni kama 19 imebaki, umebana 81. Mshipa uleule! Na njia ya tatu ni ya eneo, ukikata mshipa kama unavyokata karoti, kubana 50 kwa upana ni sawa na 75 kwa eneo, na 70 kwa upana ni 91 kwa eneo.

Unaona shida ilipo. Mtu kasoma 75 kwenye karatasi akalala hajalala, kumbe ni ya eneo, kwa upana ni 50. Swali la kumuuliza daktari ni fupi tu, "hii asilimia ni kwa njia ya NASCET?" maana maamuzi mengi ya upasuaji yamejengwa juu ya hiyo.

Hatua ya 7: mitego ya spidi

Mtego wa kwanza ni pembe. Mashine inahitaji kuambiwa pembe kati ya wimbi lake la sauti na mwelekeo wa damu, na inatakiwa isizidi digrii 60. Mpimaji akikosea digrii 5 tu, pembe ya kweli ni 60 yeye kaweka 65, spidi inapanda kwa asilimia 18 hivi. Damu ya spidi 200 itaandikwa 236 na mgonjwa kavuka mstari wa 230 akaingia kwenye kundi la wakali kwasababu ya mkono wa mtu. Kwenye picha zako utaona kijistari kimelazwa ndani ya mshipa, kinatakiwa kiende sambamba na ukuta.

Mtego wa pili ndo unaoniogopesha kuliko yote. Mshipa ukibana unazidi kuongeza spidi, unaongeza, unaongeza, alafu ukifika karibu na kuziba kabisa spidi inashuka, kwasababu damu inayopita ni nyuzi tu. Kwahiyo mtu anaweza kuwa na PSV ya 90, karatasi ionekane nzuri, kumbe amebakiza uzi. Anayesoma namba tu bila kuangalia picha atamwambia nenda nyumbani. Kwenye picha ya rangi, ile ambayo mashine inaipaka rangi damu inayotembea, rangi inatakiwa ijaze mshipa vizuri, kama rangi ni mstari mwembamba na spidi ni ya chini, sio mzima huyo, apelekwe kwenye kipimo cha pili haraka.

Mingine naipitisha upesi. Plaki yenye chokaa inatupa kivuli cheusi na nyuma yake hatuoni kitu. Vali ya moyo ya kutolea damu ikibana, spidi zinashuka pande zote mbili za shingo na ugonjwa unajificha. Upande mmoja ukiziba wote, wa pili unakimbia kuliko uhalisia. Na kuchanganya tawi la nje na la ndani kunatokea, tawi la nje lina vitawi shingoni na la ndani halina, na ukigonga gonga taratibu mbele ya sikio mawimbi ya tawi la nje yanatetemeka.

Usisahau zile za nyuma. Majibu yakisema damu ya VA inarudi chini badala ya kupanda, mshipa wa mkono umebana na mkono unaiba damu ya ubongo, pimwa presha mikono yote miwili utaona tofauti.

Hatua ya 8: angalia plaki yenyewe

Tulisema plaki ndo inapasuka. Sasa ultrasaundi inaonesha nini? Plaki nyeupe inayong'aa ina nyuzi na chokaa, kwa ujumla imetulia. Plaki nyeusi, yani ile inayokaribia kuwa na rangi sawa na damu kwenye picha, ina mafuta mengi au imevuja damu ndani, hiyo inatutisha zaidi. Toka mwaka 1988 kuna madaraja ya Gray-Weale, daraja la 1 ni nyeusi karibu yote mpaka la 4 ambalo ni nyeupe karibu yote, kwahiyo ukiona namba ndogo usifurahi, hapa ndogo ndo mbaya. Kingine ni uso wake, laini, mbovumbovu, au wenye shimo. Shimo ni kidonda, na kidonda ndo panapogandia damu.

MRI, ile mashine ya sumaku, inaona zaidi ya sisi. Inaonesha damu iliyovuja ndani ya plaki, inaonesha kofia ya juu, yani utando unaofunika plaki, kama ni nene, nyembamba au imeshapasuka. Siku hizi kuna mfumo unaitwa Plaque-RADS, unapanga kuanzia 1 mshipa hauna plaki, 2 plaki iko chini ya milimita 3, 3 imefika milimita 3 au kofia ni nyembamba au kuna kidonda kilichopona, mpaka 4 ambapo kuna damu ndani, kofia imepasuka, au bonge la damu linaning'inia kwenye njia. Utagundua hapo hamna asilimia ya kubana kabisa. Mtu anaweza kuwa amebana 40 tu na yuko daraja la 4, na wapo wengi walioambiwa kiharusi chao "hakina sababu" kumbe sababu ni hiyo plaki ya 40 ambayo kila mtu aliipita.

Unene wa ukuta, unaoandikwa IMT, nausemea kidogo tu. Unaonesha mishipa inazeeka, ila miongozo ya Marekani ya mwaka 2013 ilisema usitumike kama kipimo cha kawaida cha kukadiria hatari. Usinyimwe usingizi na IMT ya milimita 0.9.

Hatua ya 9: kipimo cha pili

Kabla ya mtu kupasuliwa au kuwekewa springi (stenti) ya kupanua mshipa, picha moja haitoshi. Skani ya CT yenye dawa ya mshipa ni ya haraka, inaonesha kutoka kifuani mpaka ndani ya fuvu, ila ina mionzi na dawa yake inahitaji figo ziangaliwe, na chokaa nyingi inafanya mshipa uonekane umebana kuliko ulivyo. MRI ya mishipa haina mionzi, ila inapenda kuongeza ukubwa wa kubana pia, na wenye vyuma fulani mwilini hawawezi kuingia. Ile ya mrija unaopitishwa mpaka shingoni asili yake ndo ya zamani kuliko zote, daktari Mreno Egas Moniz alipiga picha ya mishipa ya ubongo kwa mara ya kwanza Lisbon mwaka 1927, bado ni nzuri sana ila mrija wenyewe unaweza kusababisha kiharusi kwa wachache, kwahiyo inabaki pale vipimo vingine vimegongana.

Na picha ya ubongo iangaliwe. Kama upande wa mshipa uliobana kuna alama za viharusi vidogo vya zamani ambavyo mtu hakuvisikia, huyo sio "hana dalili" kama tulivyodhani. Kuna na dopla ya kupitia kwenye fuvu, unakaa na vifaa kichwani kama saa moja, mashine inasikiliza vipande vidogo vinavyopita, vikisikika vinapanda kutoka kwenye plaki hatari inaongezeka.

Hatua ya 10: sasa unganisha

Weka vitu mezani kwa mpangilio huu. Dalili zipo au hazipo, zimetokea lini, upande unakubaliana? Kubana ni kiasi gani? Plaki ikoje? Ubongo una alama? Imeongezeka toka picha ya mwisho? Mwili mzima ukoje, presha, sukari, sigara, kolesteroli, mapigo ya moyo?

Tuangalie namba za ukweli. NASCET mwaka 1991, watu wenye dalili na waliobana 70 mpaka 99. Waliopewa dawa tu, kati ya 100, 26 walipata kiharusi cha upande huo ndani ya miaka miwili. Waliopasuliwa kusafishwa mshipa, 9. Tofauti 17, yani unapasua watu kama 6 kumuokoa mmoja. Waliobana 50 mpaka 69 wenye dalili, kwa miaka 5, ilikuwa 22 dhidi ya karibu 16, faida ipo ila imepungua. Sasa wasio na dalili, utafiti wa ACAS mwaka 1995, waliobana 60 kwenda juu, kwa miaka 5 ilikuwa 11 kwa dawa na 5 kwa upasuaji. Linganisha taratibu, 26 kwa miaka miwili na 11 kwa miaka mitano, mishipa imebana karibu sawa, kilichobadilika ni dalili. Na dawa za miaka hiyo hazikuwa hizi za leo, statini (dawa za kushusha kolesteroli) zilikuwa hazijaenea, kwahiyo asiye na dalili anayetibiwa vizuri leo hatari yake imeshuka chini ya hapo.

Kuna mfumo wa pointi kwa waliopata dalili za kupita, ABCD3-I, una jumla ya pointi 13, umri, presha, aina ya dalili, zilidumu muda gani, kisukari, zimejirudia ndani ya siku 7, alafu picha ya shingo ikionesha kubana 50 au zaidi ni pointi 2, na MRI ya ubongo ikionesha jeraha jipya ni 2. Mimi naupenda kwasababu unaonesha picha inapokaa, pointi 4 kati ya 13, ni nyingi lakini sio zote.

Na picha safi nayo isikudanganye. Karibu asilimia 85 ya viharusi ni vya kuziba na vilivyobaki ni vya kuvuja, na hivyo vya kuziba vingi sio vya shingo, kuna mabonge yanatoka kwenye moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio, kuna vimishipa vidogo ndani ya ubongo vilivyochoshwa na presha. Karotidi safi inakwambia karotidi ni safi, basi.

Hatua ya 11: baada ya majibu

Mwenye dalili na aliyebana 50 kwenda juu, akutane na daktari wa upasuaji wa mishipa siku hizo hizo, upasuaji unafaa zaidi ukifanyika ndani ya wiki mbili toka dalili. Muulize bila aibu, kwenye mikono yako wangapi kati ya 100 wanapata kiharusi au kufariki? Kwa wenye dalili isizidi 6, kwa wasio na dalili isizidi 3, ikizidi hapo faida yote ya kwenye tafiti imeliwa. Springi ni njia nyingine, ila kwa waliozidi miaka 70 hivi upasuaji umeonekana kuwa salama zaidi upande wa kiharusi. Mshipa ulioziba kabisa kwa kawaida haufunguliwi.

Wote, aliyepasuliwa na ambaye hajapasuliwa, statini, dawa ya kuzuia damu kuganda kama daktari kaona inafaa, presha ishuke, sigara iachwe. Usianze aspirini mwenyewe kwasababu umesoma mahali, kama kiharusi kilikuwa cha kuvuja utaongeza balaa. Na hamna juisi inayoyeyusha plaki ya shingoni, naomba sana, nimeona watu wameacha statini kwa ajili ya hizo.

Hatua ya 12: kurudia

Aliyebana wastani bila dalili hurudia kati ya miezi 6 na mwaka. Omba picha zenyewe, sio karatasi tu, uzihifadhi, na andika mwenyewe pembeni PSV, EDV na uwiano wa kila upande na tarehe. Kama inawezekana rudi chumba kilekile kwenye mashine ileile. Ikitoka 180 kwenda 200 hiyo inaweza kuwa ni mkono wa mpimaji tu, usiumie kichwa. Ikitoka 140 kwenda 260 hapo mshipa umebadilika, usingoje tarehe ya kliniki, mpigie daktari wako siku hiyohiyo, na ikishuka ghafla kutoka 260 kwenda 90 usishangilie, mwambie mpimaji arudie kuangalia rangi ndani ya mshipa kabla hujashuka kitandani.